Filamu ya dakika sita: jinsi ya kuitengeneza Nairobi kwa simu na watu wachache

Filamu fupi nzuri unaweza kuitengeneza Nairobi ukiwa na simu moja, maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola na watu wachache wanaokuamini. Vijana wanaonijia wakitaka kuanza huniuliza wanunue kamera gani. Nami huwauliza mhusika wao anataka nini. Wengi hawana jibu, na hapo ndipo kazi yao inapokwama hata kabla ya kuwasha kamera.

Mji huu una historia ya kuanza na kidogo. Riverwood, tasnia ya filamu za gharama ndogo za hapa, ilipata jina lake kutoka barabara ya River Road, ambako watu walipiga filamu kwa siku chache, wakazinakili kwenye diski na kuziuza moja kwa moja kwa watu wa mtaani, nyingi zikiwa kwa Kikuyu. Hawakusubiri studio yoyote iwaite. Mwongozo huu unafuata roho hiyohiyo: filamu ya dakika sita hivi, ya kupigwa wikendi moja. Nitatumia hadithi moja ya mfano kutoka mwanzo hadi mwisho ili uone kila hatua ikifanya kazi.

Hatua ya 1: Anza na mtu, usianze na ujumbe

Ukisema unataka kutengeneza filamu kuhusu ukosefu wa kazi, hiyo bado ni mada ya insha. Mada haiamki asubuhi ikapiga mswaki. Tafuta mtu mmoja, jua anataka nini leo, kisha jua nini kinamzuia.

Mtu wetu ni Mwende. Ni bawabu kwenye lango la nyumba za kupangisha huko Kileleshwa, na anaishi chumba kimoja Umoja na mdogo wake, Kyalo, aliye kidato cha tatu. Wiki mbili zilizopita alisimamishwa kazi, na Kyalo hajui. Kila asubuhi Mwende anapiga pasi shati la kazi, analivaa, anaaga na kuondoka. Kyalo yuko likizo. Kiatu chake cha shule kimeachama mbele, na ameshaahidiwa kipya "mwisho wa mwezi". Siku moja Mwende anasahau kontena la chakula mezani. Kyalo analichukua, anapanda matatu kumpelekea, na pale langoni anamkuta bawabu mwingine.

Simama hapo. Kyalo atafanya nini? Anaweza kumsubiri dada yake jioni na kumuuliza ana kwa ana. Anaweza kumpigia mama kijijini. Anaweza kunyamaza. Kila njia inatupa Kyalo tofauti kabisa, na huu ndio moyo wa hadithi zote za sinema: mtu hujulikana anapolazimika kuchagua, na chaguo hilo likawa na gharama. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mwandishi wa filamu huifanyia kazi methali hiyo makusudi. Huileta dhiki yeye mwenyewe, kisha hukaa kando aone nani ni nani.

Katika filamu yetu Kyalo anarudi nyumbani na kuliweka kontena palepale lilipokuwa. Dada yake anaporudi, anamkuta ameketi kitandani na sindano na uzi wa nailoni, akishona kiatu. "Hiki bado kiko sawa," anasema, "kipya kitangoja." Basi. Hamwambii kwamba alifika Kileleshwa. Ameacha kitu alichokitaka sana, na kwa kukiacha tumemjua.

Tangu nianze kuandika namna hii, hata watu wa kawaida nawatazama tofauti. Jirani akiniambia jinsi anavyoipenda familia yake, nasikiliza kwa heshima. Lakini nikitaka kumjua, nakumbuka alichofanya maji yalipokatika mtaani na yeye ndiye aliyekuwa na tangi.

Hatua ya 2: Andika kinachoonekana na kinachosikika

Skripti iliyopangwa kwa mtindo wa kawaida wa filamu huchukua takriban dakika moja kwa kila ukurasa. Dakika sita basi ni kurasa sita. Andika kwa wakati uliopo, na usiandike chochote ambacho kamera haiwezi kukiona wala maikrofoni kukisikia.

"Mwende ana huzuni" haipigiki. Sasa soma hii: "Mwende anapiga pasi kola. Haina mkunjo hata mmoja. Anairudia." Mwigizaji ana la kufanya, kamera ina pa kuelekea, na mtazamaji ambaye bado hajui lolote anaanza kujiuliza kwa nini mtu arudie kola iliyonyooka. Swali hilo litamshika hadi langoni Kileleshwa.

Ukimaliza rasimu, pita kwenye mazungumzo ukifuta. Watu wanaopendana huambiana mambo mazito kwa kuzungukazunguka: umekula, mvua imekushika wapi, kesho unatoka saa ngapi. Waache waongee kama wanavyoongea nyumbani, Kiswahili kikiingiliana na Sheng, na Mwende akimpigia mama yake azungumze Kikamba. Maandishi ya tafsiri chini ya picha yatawasaidia wasioelewa.

Kisha chunguza jinsi matukio yanavyoshikana. Kila tukio lizaliwe na lililotangulia. Mwende anasahau chakula, kwa hiyo Kyalo anakipeleka, lakini langoni kuna mtu mwingine, kwa hiyo anarudi na siri. Ukikuta tukio linaloweza kuondolewa bila hadithi kuyumba, liondoe, hata kama ni zuri.

Jambo la mwisho hapa ni landilodi. Katika hadithi yetu anabisha mlango mara moja. Waandishi wengi wachanga humpa kitambi, ukali na kicheko cha dharau. Mpe sababu badala yake. Huenda mkopo wa benki aliojengea hiyo ploti haumngojei, na amesimama mlangoni akiwa na aibu ya kudai. Sentensi yake iwe fupi, na macho yake yasitue usoni mwa Mwende. Katika hadithi yake yeye, landilodi ndiye mhusika mkuu. Ukishamwandikia mtu anayekukera sababu zake kwa haki, ni vigumu sana kurudi kumchukia kwa urahisi ule wa zamani, na kwangu mimi hili ndilo funzo kubwa kuliko yote ambayo kazi hii imenipa.

Hatua ya 3: Mahali na vibali

Andikia mahali unapoweza kupapata. Chumba cha rafiki Umoja, ngazi za ploti, kituo cha matatu, lango moja. Nenda ukapaone saa ileile utakayopiga, kwa sababu chumba kilichotulia saa nne asubuhi kinaweza kuwa na fundi wa kuchomelea vyuma nje ya dirisha ifikapo saa nane. Zungumza na msimamizi wa ploti na majirani mapema, kwa heshima na kwa ukweli kuhusu muda mtakaochukua.

Kuhusu sheria, usikisie. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222 ya Sheria za Kenya, inataka filamu inayokusudiwa kuonyeshwa hadharani au kuuzwa iwe na kibali cha kupigwa. Utaratibu na ada hubadilika, kwa hiyo ulizia kabla ya kupanga tarehe. Ukitaka kupiga barabarani katikati ya mji, zungumza pia na serikali ya kaunti. Droni ina sheria zake chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, na kwa filamu ya dakika sita kuhusu ndugu wawili huihitaji. Usielekeze kamera kwenye vituo vya polisi, kambi za jeshi wala majengo ya serikali bila ruhusa.

Kila mtu anayetambulika kwenye picha atie sahihi fomu ya ridhaa, na mwigizaji aliye chini ya miaka 18 asainiwe na mzazi au mlezi. Vazi la Mwende lisiwe na nembo ya kampuni yoyote halisi ya ulinzi. Sweta la bluu na shati jeupe kutoka Gikomba vinatosha kabisa.

Hatua ya 4: Watu wako

Unahitaji mwelekezi, mtu wa kamera, mtu wa sauti na mmoja wa kushughulikia mavazi, fomu na chakula. Halafu waigizaji. Watafute kwenye makundi ya maigizo yanayozunguka Kenya National Theatre na kwenye vyuo kama KIMC, chuo cha mawasiliano ya umma kilichoko South B, ambako wanafunzi wanatafuta kazi ya kuonyesha.

Kama huna pesa ya kuwalipa, sema hivyo siku ya kwanza, kwa maandishi, na uandike pia mtagawana vipi iwapo filamu itaingiza chochote. Katika bajeti yako nauli na chakula vije kabla ya kifaa chochote. Watu waliokula chai na chapati asubuhi na wali na maharagwe mchana hufanya kazi hadi jioni bila kununa.

Usimpime mwigizaji kwa kumsomesha tu kurasa. Mpe shati na pasi, umwambie apige pasi huku akijua kazi hana na mdogo wake anamtazama. Mtazame mikono. Na siku ya kupiga usimwagize hisia. Ukimwambia "kuwa na huzuni", atakuonyesha sura ya huzuni, sura ambayo mtu mwenye huzuni ya kweli huificha. Mwambie "hakikisha hajui". Atakuwa na kazi ya kufanya, na huzuni itajipenyeza yenyewe.

Hatua ya 5: Mwanga wa Nairobi

Tuko karibu na ikweta. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na hupanda na kushuka upesi. Mwanga ule laini wa dhahabu haukai. Panga picha za nje mapema asubuhi au kuanzia saa kumi na moja jioni, kila mtu akiwa tayari amefanya mazoezi. Adhuhuri jua likiwa utosini, macho ya waigizaji hugeuka mashimo meusi, kwa hiyo wakati huo ingia ndani. Julai na Agosti mawingu hufunika mji na kukupa mwanga mwororo karibu siku nzima. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, weka siku ya akiba kwa ajili ya mvua.

Ndani ya chumba kimoja, mlango ulio wazi ndio taa yako bora. Mkalishe Mwende pembeni mwa mlango, kisha upande wa pili wa uso simamisha karatasi nyeupe ya manila irudishe mwanga. Mwanga ukiwa mkali, tundika shuka jeupe jepesi mlangoni.

Kwenye simu, weka picha 25 kwa sekunde na kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na ukipiga kwa mipangilio mingine baadhi ya taa za ndani zitamemeteka kwenye picha bila wewe kugundua hadi siku ya kuhariri. Programu ya Blackmagic Camera ni ya bure na inakuruhusu kuyafunga haya yote, pamoja na fokasi, ili picha isibadilike rangi mtu akipita.

Hatua ya 6: Sauti

Mtazamaji atavumilia picha yenye giza kidogo. Asipowasikia watu wako, ataondoka. Ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua maikrofoni.

Ibane chini ya kola, kama upana wa kiganja kutoka kidevuni, na uizuie isisuguane na nguo kwa kipande cha teapu. Mtu wa sauti avae hedifoni kila wakati na awe na mamlaka ya kusema "turudie". Friji izimwe, na funguo zako uziweke ndani yake ili usiondoke ukaisahau. Blanketi mbili ukutani, nje ya fremu, zitapunguza mwangwi wa chumba cha mawe. Mvua ikianza kupiga mabati, pumzika, kwani hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Honi za matatu, adhana na spika ya kanisa la ghorofa ya pili si adui zako. Zirekodi kando, peke yake, kisha uzipachike unapozitaka.

Kabla hamjatoka kwenye chumba chochote, kila mtu asimame palepale, asiseme neno, mrekodi dakika nzima ya chumba chenyewe. Utaihitaji kuziba mianya baina ya maneno. Mara nyingi dakika hiyo huwashangaza wageni wa kazi hii, maana hawakuwahi kusikia kwamba chumba chao kina bomba linalodondosha, mtoto anayekohoa ng'ambo ya ukuta, na waya wa kuanikia nguo unaolia upepo ukipita. Kyalo amelala akisikia hivyo vyote kwa miaka. Viweke kwenye filamu.

Hatua ya 7: Siku mbili za kupiga

Piga kwa mpangilio wa mahali na mwanga, usifuate mpangilio wa hadithi. Picha za chumbani zote kwa pamoja, hata kama moja ni ya mwanzo na nyingine ni ya mwisho. Ndiyo maana mtu wa mavazi apige picha kiatu cha Kyalo kabla na baada ya kila tukio, kisije kikaonekana kimeshonwa kabla hakijashonwa.

Kila tukio lianze na picha pana ya tukio zima, kisha usogee karibu. Wawili wakizungumza, chora mstari wa kufikirika kati yao na ukae upande mmoja wa mstari huo, la sivyo wataonekana hawatazamani. Usiondoke bila picha za karibu za vitu: pasi juu ya kola, kifuniko cha kontena, sindano ikipenya soli. Jioni, kabla ya mtu yeyote kwenda nyumbani, nakili klipu zote sehemu mbili tofauti.

Hatua ya 8: Kuhariri

DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kwa kila kitu hapa, mradi kompyuta yako iwe na nguvu kiasi. Panga matukio yote kwa urefu wake, kisha uiache kazi siku kadhaa. Ukirudi utaona kwa macho ya mgeni.

Ile picha ya Kyalo langoni ndiyo ngumu kuliko zote. Mwelekeze awe na uso uliotulia tu, na uuachie uhariri ufanye kazi. Karibu miaka mia moja iliyopita, mwelekezi wa Urusi ya Kisovieti, Lev Kuleshov, aliunganisha uso uleule wa mwigizaji na sahani ya supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Watazamaji waliusoma uso huo kuwa na njaa, majonzi au tamaa, ilhali haukuwa umebadilika. Basi muweke bawabu mgeni na shati lake lililonyooshwa vizuri, kata kwenda kwa Kyalo aliyeshika kontena, na mtazamaji atajaza yaliyobaki. Ni jambo la kutafakari pia nje ya chumba cha kuhariria: ni mara ngapi tumeusoma uso wa mtu kwa kutegemea tulichotoka kukiona, na yeye hana habari.

Muziki usiuchukue mtandaoni kiholela. Tafuta mpiga gitaa wa mtaani kwako, mkubaliane kwa maandishi. Sajili kazi yako na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ikishakamilika.

Hatua ya 9: Kuionyesha

Kwanza waonyeshe watu wachache sebuleni, na wewe usitazame skrini. Watazame wao. Mtambaji wa "hadithi hadithi, hadithi njoo" alijua kusoma nyuso za waliomzunguka, akafupisha pale walipochoka. Wakianza kugusa simu zao, andika dakika. Baadaye usiwaulize kama wameipenda, kwa sababu watasema ndiyo. Waulize walidhani nini kitatokea pale langoni, na ni wapi walipotea. Kisha rudi ukate.

Kabla ya kuionyesha hadharani, filamu hupitia Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, ambayo huipa alama ya GE, PG, 16 au 18 kulingana na nani anafaa kuitazama. Usikimbilie kuiweka YouTube, maana baadhi ya matamasha hayapokei filamu iliyokwisha kuwa mtandaoni. Matamasha mengi hupokea maombi kupitia tovuti ya FilmFreeway. Soma ada kwa makini na uchague machache yanayokufaa. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, liko jirani na linaelewa Kiswahili chako bila kusoma maandishi ya chini. Kama hadithi inayokuvuta ni ya watu halisi, fuatilia Docubox, mfuko ulioanzishwa hapa Nairobi na Judy Kibinge kuwasaidia watengenezaji wa filamu za uhalisia.

Jiandae kwa maswali baada ya onyesho. Kwa filamu kama hii mtu hatakosa kuuliza iwapo Mwende, alipokiona kiatu kimeshonwa, alielewa kwamba Kyalo anajua. Usijibu. Mrudishie aliyeuliza swali lake, kisha mpe maikrofoni aliyeketi karibu naye, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa yeye ameona tofauti.